Chupa ya Maji Pale Kolo

Chupa ilikuwa ya lita moja na nusu, imebaki nusu, na maji yake yalikuwa yameshapata moto wa jua. Niliishika mkono wa kulia, simu mkono wa kushoto. Nyuma yangu walisimama wenzangu kumi na mmoja tuliotoka nao Dodoma alfajiri kwa basi dogo la kukodi. Mbele yetu ulikuwa ukuta wa mwamba, na juu ya ukuta mnyama mwekundu wa kuchorwa, aliyefifia kiasi kwamba ukimkazia macho humwoni, ukigeuza jicho kidogo anajitokeza. Mwenzetu mmoja akasema, "Mwagia maji kidogo, rangi itakolea." Ilikuwa mwaka 2014. Mimi ndiye niliyeandaa safari. Mimi ndiye mtoto wa Kondoa kati yao wote. Nikamwagia.

Rangi ilikolea kweli. Pofu, yule swala mkubwa, alitoka mwambani mzima mzima, shingo nene, pembe zimenyooka kwenda nyuma, na tukashangilia kama watu walioona mtoto akizaliwa. Tukapiga picha. Dakika chache baadaye ukuta ulikuwa umekauka, mnyama amerudi alikokuwa, na chini yake palibaki michirizi.

Mzee aliyetuongoza alikuwa amebaki nyuma akimsaidia mwenzetu aliyeumia kifundo cha mguu. Alipofika aliitazama ile michirizi, akanitazama mimi na chupa yangu. Hakupandisha sauti.

"Binti yangu," aliniuliza, "unajua wewe ni wa ngapi?"

Sikuelewa. Akakaa juu ya jiwe, akanieleza taratibu, mbele ya watu wote. Maji yakimwagwa ukutani huingia ndani ya jiwe. Yakikauka hutoka na chumvi iliyokuwa humo, na chumvi hiyo hubaki juu ya rangi kama utando mweupe. Anayemwagia leo anaona vizuri kwa muda mfupi, kisha anamwachia anayekuja kesho picha iliyofifia zaidi. Wa kesho naye, kwa sababu haoni, atamwagia maji mengi zaidi. Ndiyo maana aliniuliza mimi ni wa ngapi. Alitaka nijue kwamba sikuwa wa kwanza, na kwamba kila mmoja aliyenitangulia alijiambia kwamba ni kidogo tu.

Picha ile ninayo mpaka leo. Sijawahi kumtumia mtu.

Kwa ambaye hajafika: Kolo ni kijiji kilicho kaskazini ya mji wa Kondoa, kando ya barabara kuu ya kwenda Babati, kilomita zipatazo 180 kutoka Dodoma mjini. Vilima vinavyoanzia pale ni sehemu ya ukingo wa Bonde la Ufa, na ndani ya vilima hivyo kuna miamba iliyoinama kama paa. Sisi tunaiita mapango, ingawa mingi haina kina. Ni ukuta na kivuli tu. Humo ndimo ilimo michoro. Mwaka 1951 Mary Leakey, mwanaakiolojia yule yule wa Olduvai, alikuja kuinakili mchoro kwa mchoro. Mwaka 2006 UNESCO iliingiza eneo hili kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, kilomita za mraba 2,336, na idadi ya miamba yenye michoro inakadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Angalia upana wa makadirio hayo. Watu wamekuwa wakiisoma miamba hii kwa miongo mingi na bado haijahesabika yote.

Iko michoro myekundu, ya mistari myembamba: twiga, tembo, pofu, watu warefu wenye vichwa vya ajabu. Hii wataalamu wanaihusisha na wawindaji na waokota matunda, watu wa jamii kama Wasandawe ambao wazao wao tunaishi nao hapa hapa mkoani. Juu yake, mara nyingine imeipanda kabisa, iko michoro myeupe, minene, iliyochorwa na wakulima na wafugaji waliokuja baadaye. Kwa hiyo ukuta mmoja unaweza kuwa na wenyeji wawili waliopishana kwa karne nyingi. Na mimi nilikuja na chupa.

Jambo ambalo wageni wengi hawalioni kwenye hizo kilomita za mraba 2,336 ni kwamba hazina uzio. Hakuna geti kubwa la chuma kama mbugani. Ndani yake kuna mashamba ya mbaazi, uwele na alizeti, kuna misikiti, shule, visima, makaburi. Njia inayokupeleka kwenye mchoro inapita nyuma ya jiko la mtu. Ndiyo sababu naamini neno la kwanza la safari ya mlimani kwetu ni hodi, na hodi hiyo haibishwi juu kwenye mwamba, inabishwa chini kijijini. Unaanzia ofisi ya mambo ya kale pale Kolo, unalipa, unaandika jina kitabuni, unapewa mwongozaji. Halafu, hata kama mwongozaji hajakwambia, unasalimia. Kondoa Warangi wengi ni Waislamu. "Asalaam alaykum" inafungua mlango ambao "mambo vipi" haiufungui, na mzee aliyekaa kibarazani anastahili shikamoo yake kabla hujamuuliza njia. Nimeona makundi yakishuka garini yakampita mzee wa aina hiyo kama vile ni kisiki. Naye hasemi kitu. Anakumbuka tu.

Bibi yangu anaishi umbali wa kutembea kutoka vilima hivyo. Kazaliwa pale, kaolewa pale, sasa umri wake umepita miaka themanini. Siku ile ya chupa tulipitia kwake jioni na nikamsimulia, kwa sababu sikuweza kulala na jambo lile bila kumwambia mtu. Nikamuuliza kama yeye anaipenda ile michoro.

"Sijaiona," akasema.

Miaka yote hiyo? Hajawahi kupanda Mungomi, mwamba wenye michoro pale Kolo?

"Nikafanye nini? Sikuwa na shida ya kupeleka."

Nimelifikiria jibu hilo kwa zaidi ya miaka kumi. Kwake yeye mlima si mahali pa kwenda kwa sababu upo. Unakwenda ukiwa na jambo: una mgonjwa, mvua imegoma, umetumwa na wazee. Sisi tunaopanda kwa kupenda tu, na mimi bado ni mmoja wao, tunafanya kitu ambacho kwa mtu kama bibi hakina jina. Sikusema ni kibaya. Lakini nilijua tangu siku ile kwamba ninapopanda kwa raha yangu, ninatembea mahali ambapo wengine hufika wakiwa wamebeba mzigo wa moyoni.

Kuna kitu kingine bibi alinifundisha bila kukusudia, nacho ni cha ng'ombe.

Wanaotembelea Kondoa wakati wa masika hupiga picha za vilima na kuandika chini yake kwamba hii ni asili ambayo haijaguswa. Mtu aliyekuwepo Kondoa mwanzoni mwa miaka ya 1970 angeshangaa. Vilima hivi vilikuwa vimechubuka hadi mifupa. Miti imekatwa, nyasi zimeliwa, mvua ya masika inakuja kwa hasira kwenye udongo mwekundu usio na kitu cha kuushika, na makorongo yanakatwa marefu kiasi cha kumeza ng'ombe aliyesimama. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao kila mtu wa kwetu anaujua kwa jina la HADO, kwa msaada wa Sweden. Walichimba makinga maji, walipanda miti na nyasi, waliziba makorongo. Haikutosha. Mwaka 1979 ikaamuliwa kwamba mifugo yote itoke kwenye eneo lililoharibika zaidi. Si ng'ombe tu. Mbuzi, kondoo na punda. Makumi ya maelfu ya wanyama waliondolewa.

"Tulikuwa na ng'ombe kumi na wanne," bibi husema, na hawataji kwa idadi peke yake, huwataja kwa rangi na tabia: mwekundu mwenye doa kwenye paji la uso, mweusi aliyekuwa hataki kukamuliwa na mtu mwingine ila yeye. Babu aliwaswaga hadi kwa shemeji yake huko tambarare, safari ya siku mbili. Wengine walikufa huko, wengine waliuzwa. Nyumbani alibaki bibi na mtoto mchanga, na maziwa ikawa kitu cha kununua. Kuhusu nyasi husema: "Zilirudi mapema kuliko tulivyodhani. Zilifika kiunoni, na hapakuwa na wa kuzila."

Ilipita miaka kumi hivi ndipo familia zikaanza kuruhusiwa ng'ombe wa maziwa wa kufugwa bandani, wa kukatiwa majani. Vilima vilipona. Hilo ni kweli na bibi mwenyewe halikatai. Anasema visima vilivyokauka vilipata maji tena. Lakini kijani unachokipiga picha kililipiwa, na waliolipa wako hai, wamekaa pale chini wakikutazama ukipita. Mgeni anayelijua hilo hutembea tofauti. Simaanishi atembee akiwa amejaa hatia. Namaanisha akiambiwa "usipite hapa", hataona kwamba anaonewa.

Na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu jambo hili ni dogo kwa macho na ni kubwa kwa matokeo: njia ya mkato. Njia ya kupandia mlimani huwa inazunguka. Vijana, hasa wakati wa kushuka, hawana subira na mzunguko. Wanakata moja kwa moja kwenye mteremko, mmoja anatangulia, kumi wanafuata nyayo zake. Nyasi zinalala, udongo unabanwa, unabaki mstari mtupu ulionyooka kutoka juu hadi chini. Mvua ikija, maji hayatafuti haki, yanatafuta mteremko. Yanaingia kwenye ule mstari, yanapata kasi, yanachukua mchanga, na masika moja baadaye una mfereji wa kuingia mguu. Masika matatu baadaye una mfereji wa kuingia mtu. Kila korongo la Kondoa lilianza likiwa dogo, na mengi yalianza kama njia ya ng'ombe. Iwapo ng'ombe wa bibi yangu waliondolewa kwa sababu ya kwato zao, sioni kwa nini viatu vyangu viruhusiwe kufanya kazi ile ile.

Kwa hiyo ninapoongoza kundi sasa hivi huwa ninalisema hilo kwenye basi, kabla hatujafika Chemba, wakati watu bado wana nguvu ya kusikiliza. Nawasimulia ng'ombe kumi na wanne. Nimeona kwamba ukiwaambia watu "msikate njia" wanasahau baada ya nusu saa. Ukiwasimulia bibi aliyebaki na mtoto bila maziwa, hawakati.

Sasa nije kwenye mashimo.

Ukipanda hadi Mungomi wa Kolo utayaona, chini ya mwamba, mahali ambapo ardhi ilipaswa kuwa imelala bila kuguswa. Mashimo hayo hayakuchimbwa na watafiti. Mei 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Wajerumani na yale ya Afrika Kusini yaliyokuwa upande wa Waingereza yalipigana Kondoa, na tangu hapo umebaki uvumi kwamba Mjerumani alipoondoka alizika mali milimani. Dhahabu, sarafu, kila msimuliaji na yake. Watu wamekuja usiku na sururu kwa imani hiyo. Hasara yake haionekani kwa macho. Udongo ulio chini ya mwamba umelala tabaka juu ya tabaka, na ndani ya tabaka hizo kuna majivu, mifupa, vipande vya mawe na pengine chembe za rangi yenyewe, vitu ambavyo mtaalamu akivikuta mahali pake vinaweza kumwambia ni nani alikaa hapa na lini. Ukishachanganywa na sururu, umekuwa mchanga tu. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu mwaka 1964 na inakataza uchimbaji wa namna hiyo, lakini sheria hailali mlimani. Anayelala karibu na mlima ni mwanakijiji, na mwanakijiji atalinda kile ambacho kina maana kwake na kinachomletea japo kitu kidogo mezani.

Ndiyo maana suala la fedha si la kuonewa aibu. Mlipeni mwongozaji wa kijijini vizuri, msimpunguzie bei kana kwamba mnanunua nyanya za kubakia jioni. Kuleni kwa mama lishe wa pale, hata kama mmebeba mikate kutoka mjini. Ukinunua asali, nunua kwa aliyeirina. Nakumbuka kundi moja lililokuja na kila kitu kutoka Dodoma, kuanzia maji hadi pilau kwenye vyombo vya moto, likala chini ya mti wa watu, likafungasha likaondoka. Hata takataka walizibeba, nawapa haki yao. Lakini kijiji kilichobakiwa na vumbi la gari pekee, kesho kikisikia sururu usiku, kiamke kwa ajili ya nani?

Kuna swali gumu kuliko yote haya, nami nimebadilisha msimamo wangu juu yake zaidi ya mara moja. Mungomi si makumbusho. Mpaka leo kuna wanaokwenda pale kwa matambiko, kuomba mvua, kuomba uponyaji, na katika tambiko pombe ya nafaka hunyunyizwa, wakati mwingine kwenye mwamba wenyewe. Wahifadhi wanasema, na wana sababu, kwamba pombe inaharibu michoro. Maji yangu yaliharibu, pombe itaachaje? Siku za mwanzo, nikiwa na uchungu wa kosa langu, nilikuwa mkali kuliko wahifadhi. Nilisema wazuiwe wote, mimi na wao, ukuta ubaki salama.

Sisemi hivyo tena. Mimi nilimwagia ili nipate picha. Wao wananyunyiza kwa sababu mahali pale bado pana kazi. Kama michoro hii imedumu, sehemu ya sababu ni kwamba vizazi vya watu waliokuja baada ya wachoraji, wenye lugha nyingine na dini nyingine, waliendelea kupaogopa na kupaheshimu. Ukiwafukuza hao, umeondoa walinzi wa zamani kuliko wote, na hofu ile haiwezi kurudishwa kwa bango la serikali. Ninachokitamani ni wazee na wahifadhi wakae pamoja, mahali pa kunyunyizia pasogezwe kando ya michoro, kwa makubaliano, si kwa amri. Hilo ni lao kuliamua. La kwangu mimi msafiri ni jepesi zaidi: tambiko likiwepo, sipandi. Wala sisimami mbali na simu yenye kukuza picha. Wala sirushi droni, ambayo hata hivyo inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Kuhusu watu na kamera, niseme la Wasandawe, kwa sababu linaniuma. Wako upande wa Kwa Mtoro na Farkwa, na lugha yao ina vidoko, sauti za ulimi ambazo hazisikiki kwa majirani zao. Nimekuwa kwenye msafara ambapo mtu alimwambia mama wa Kisandawe, mtu mzima mwenye wajukuu, "Hebu tutolee zile sauti, mama," huku akiwa ameshaelekeza simu usoni kwake. Mama yule alikuwa anauza ukwaju. Akamtazama, akaendelea kupanga mafungu yake. Nilimwomba radhi, nikanunua ukwaju, nikamsalimia vizuri, na baada ya muda yeye mwenyewe akanifundisha namna ya kutaja neno moja, akacheka nilivyolikosea. Sitaliandika hapa. Alinipa mimi.

Hata mjini hatuko salama. Mlima Simba, ambao kila mkazi wa Dodoma anaujua, tangu serikali ilipohamia huku umekuwa mahali pa vijana kutazama machweo. Ni jambo zuri. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, lakini chupa hazikupigwa marufuku, na asubuhi ya Jumatatu pale juu inajieleza yenyewe. Ulichopanda nacho kikiwa kizito, utashuka nacho kikiwa chepesi. Sina zaidi ya kusema.

Hanang ni hadithi nyingine, mlima mkubwa wa mita zaidi ya 3,400 unaoonekana kutoka mbali ukiwa unaelekea Singida au Babati. Watu hupanda wakitokea Katesh, kwa njia ya Jorodom, na wakifika juu hugundua kwamba mlima hauna maji ya kunywa njiani, kila tone umelibeba wewe au kijana uliyemlipa akubebee. Ukimlipa, beba na wewe. Nimeona watu wakipanda mikono mitupu huku kijana wa miaka kumi na tisa amebeba maji ya watu wanne, maturubai na sufuria, miguuni ana kandambili. Hilo si suala la mila wala mazingira, ni suala la shingo ya mtu.

Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima huo ilimeguka. Tope, mawe na magogo vilishuka hadi Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Nilikwenda huko miezi kadhaa baadaye, kwa msiba wa jamaa. Nilimwona msafiri mmoja, kijana wa Kitanzania, amesimama juu ya msingi wa nyumba iliyosombwa, amepanua mikono, mwenzake anampiga picha mlima ukiwa nyuma. Hakujua kama ule ni msingi. Kwake yalikuwa mawe. Mama mmoja aliyekuwa nami alisema kwa sauti ndogo, "Hapo palikuwa sebule," kisha akageuka akaenda zake. Nilimfuata kijana yule nikamwambia. Aliruka chini kama aliyekanyaga moto, akavua kofia, akauliza amwombe radhi nani. Sikuwa na jibu. Lakini namheshimu kwa kuuliza.

Tangu mwaka juzi ninapeleka kundi la vijana Kolo kila mwaka, wengi wao wanafunzi wa vyuo vya hapa Dodoma. Safari ya mwisho ilikuwa Novemba, mawingu yamekaa upande wa mashariki siku nyingi bila kushuka, mashamba yamelimwa yanangoja. Tulifika ofisini saa tatu asubuhi. Tumeandika majina, tumelipa, vijana wanafunga kamba za viatu. Mwongozaji wetu, kijana sasa, kwa kuwa yule mzee aliyeniuliza mimi ni wa ngapi alishatangulia mbele za haki, akapokea simu. Akaongea Kirangi muda mrefu. Alipokata alinivuta pembeni.

"Dada, leo haiwezekani Mungomi. Wazee wamepanda."

Nikawaambia vijana. Wapo walionuna, na siwalaumu, wamechanga nauli miezi miwili. Mmoja akauliza kwa nini hatuwezi kukaa kimya tu kwa mbali. Mwongozaji akamjibu kwa upole, "Ukiwa na mgonjwa wodini, ukimwombea, ungependa watu ishirini wasiokujua wakae kimya kwa mbali?"

Hatukupanda. Tulikwenda kwa bibi. Tulikaa chini ya mwembe wake, tukala ugali wa uwele na mlenda, naye akawasimulia vijana ng'ombe mmoja mmoja, mwekundu wa doa, mweusi mkorofi. Msichana mmoja aliyekuwa amenuna kuliko wote aliandika majina yote kumi na manne kwenye daftari lake. Jioni tukarudi Dodoma bila kuona hata mstari mmoja mwekundu.

Mwongozaji alipiga simu Jumatano usiku. Alisema wazee wamemaliza na wametoa ruhusa, njia iko wazi. Tuje mapema kabla jua halijapanda. Na niwaambie vijana wasipake manukato, nyuki wamehamia kwenye ufa wa upande wa kushoto.